Mipira ya Mbele ya Jipi ya Bulaimu

Watu wa kijiji cha Lusangi walijua kwamba Bulaimu ameondoka kabla mtu yeyote hajaleta habari. Jipi ya kampuni iliteremka bondeni siku ya Ijumaa kama kawaida, ikavuka kijito, ikapanda upande wa pili, ikaenda zake. Haikupiga honi. Mzee Lukeka, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza kutoka barabarani, alikuwa barazani akisuka mtego wa samaki. Alipoona vumbi limetua bila zile sauti mbili fupi alizozizoea, aliuweka mtego chini akamwita mke wake.

"Si yeye," alisema.

Mke wake alirudi jikoni. Siku ile hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyemtaja mkwe wao, na siku zilizofuata pia.

Bulaimu alizaliwa upande wa Kabambare, katika ukoo wa Kiislamu unaolima mpunga. Baba yake alikuwa mchukuzi wa tipoyi, kile kiti cha miti ambacho wazungu wa zamani walibebwa nacho mabegani mwa watu. Mwana hakutaka bega lake liote sugu kama la baba. Wakati wa vita vya pili vya dunia alipanda malori kama mtu wa kupakia mizigo, akajifunza usukani kwa kutazama mikono ya wengine, na vita vilipokwisha akapata kofia ya dereva katika kampuni moja ya dhahabu. Kampuni hiyo ilikuwa na ghala na gereji Kasongo, na machimbo yake yalikuwa vilimani karibu na Salamabila. Kati ya Kasongo na machimbo ndiko alikoendesha jipi, akimpeleka na kumrudisha mzungu wa vifaa. Mzungu huyo watu walimwita Bwana Mapema, kwa sababu aliwahi kila mahali ili awakute watu kabla hawajajiandaa.

Alimwoa Safi, binti wa Mzee Lukeka, na kwa kuwa barabara ya machimbo ilipita mlangoni kwa wakwe zake, alijiona mtu mwenye bahati.

Bahati hiyo ilimgeuka katika mvua za mwaka wa kwanza. Pale bondeni, chini ya nyumba ya Mzee Lukeka, jipi ilizama mpaka tumboni. Bwana Mapema alimwita kapita wa kijiji, msimamizi wa kazi, na huyo akakusanya wanaume kuanzia nyumba zilizo karibu na barabara, kama ilivyokuwa desturi. Kukataa kulikuwa kifungo. Mzee Lukeka alikuja na jembe lake. Alivua shati, akashuka matopeni, akaegemeza kifua chake nyuma ya jipi pamoja na wenzake. Bulaimu alifungua mlango ashuke.

"Weye baki na usukani," Bwana Mapema alisema.

Basi akabaki, kofia kichwani. Akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yalizunguka bure, yakarusha udongo, na alipogeuza shingo alimwona baba wa mke wake amesimama kifua wazi, uso mwekundu wa matope, akitema.

Kwao mtu hali mbele ya mkwe wake. Hamtazami machoni, wala hapiti mbele yake akiwa wima. Bulaimu alipeleka mbuzi kuomba radhi. Mzee Lukeka alimpokea mbuzi, akasema asante, na hakuongeza kitu. Kimya hicho ndicho kilichomsumbua. Angetukanwa, angejua pa kushika. Tangu siku ile aliapa moyoni kwamba jipi yake haitakwama tena Lusangi, liwalo na liwe, na kila alipofika juu ya bonde akapiga honi mara mbili, kama mtu anayebisha hodi akiwa anapita mbio.

Jipi ilikuwa na fimbo mbili za gia. Ile ndefu ilikuwa ya mwendo. Ile fupi, ukiisukuma, magurudumu ya mbele nayo yalishika kazi, gari likavuta kwa miguu minne. Bwana Mapema alikuwa amesema wazi: fimbo fupi ni ya matope tu. Lakini Bulaimu aliisukuma tangu anatoka Kasongo na hakuirudisha mpaka amefika Salamabila, mvua na kiangazi, kwenye udongo na kwenye changarawe ngumu, kwa hofu kwamba siku atakapoisahau ndiyo siku bonde litakapomshika. Bwana Mapema alipokuwa kando yake, Bulaimu aliifunika kwa koti.

Kisha ikaja habari ya mipira. Ghalani palibaki tairi mbili za jipi nyingine iliyokufa machimboni: ndefu, nene, zenye meno makubwa kama ya ng'ombe. Bulaimu alimbembeleza mtu wa ghala mpaka akapewa. Alizifunga mbele. Nyuma akaacha zile za zamani, fupi na zilizolika. Bwana Mapema alipokuja asubuhi alizipiga teke, akacheka.

"Bon. Sasa jipi iko na uso ya mwanaume. Hatutakwama tena."

Na kweli hawakukwama. Bonde la Lusangi walilipita kama watu wanaovuka ua. Lakini kabla ya mvua kwisha, njiani, chini ya miguu ya Bulaimu, kitu kilianza kulia. Kililia kama jiwe linalosagwa, kikanyamaza, kikapasuka. Jipi ilivutwa na lori mpaka gerejini Kasongo.

Fundi wa gereji alikuwa Dominique, Mkristo wa palepale Kasongo, aliyesoma kwa mapadri, akaenda kufanya kazi Katanga, kisha akarudi bila kumwambia mtu sababu. Alifungua sanduku dogo la gia, lile linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Wao waliliita buati ndogo. Mafuta yalikuwa yameungua yakawa meusi, na meno ya gia yamevunjika. Ndani ya mafuta mlikuwa na chenga zinazong'aa. Bwana Mapema alizisugua kati ya vidole viwili kwa muda mrefu.

"Hii ni muchanga," alisema.

"Hapana, bwana. Ni chuma ya gia yenyewe."

"Mimi nasema muchanga."

Gia mpya ziliagizwa, Dominique akazifunga, jipi ikarudi barabarani. Katika siku za mwanzo alikuwa bado anatania.

"Dereva, hii jipi yako inakula gia kama mbuzi inakula majani ya muhogo."

"Na weye ndiye unaipikia," Bulaimu alimjibu.

"Ee, ndugu! Mimi nafunga, weye unavunja, tunakula mushahara sote wawili. Kuna ubaya gani?"

Walicheka. Lakini Bulaimu alipofika nyumbani maneno yale yalikuwa hayachekeshi tena. Mimi nafunga, weye unavunja. Alikumbuka kwamba Dominique aliwahi kuomba kazi ya udereva akanyimwa. Alikumbuka kwamba wakati wa kufunga gia mpya fundi aliwafukuza watu gerejini, akafanya kazi huku akiimba kwa sauti ya chini nyimbo za huko Katanga. Alikumbuka pia kwamba fimbo fupi, tangu Dominique aiguse, haikubali kurudi. Ilimbidi aipige kwa kisigino. Mtu anayeshuku hakosi ushahidi. Bulaimu aliukusanya kidogo kidogo, na kila alipokutana na Dominique alimsalimia kwa uchangamfu zaidi.

Buati ilivunjika mara ya pili katikati ya kiangazi, barabara ikiwa kavu kama sahani. Safari hii Bwana Mapema hakusugua kitu. Alimwita Bulaimu pembeni ya ghala, akamtazama mikono kwanza, ndipo uso. Wakati ule serikali ya Wabelgiji iliogopa watu wa Kitawala, dini iliyopigwa marufuku, na ikawaogopa Waislamu karibu sawasawa. Mtu aliyeharibu kitu cha mzungu hakuitwa mharibifu tu. Alipelekwa kambi ya mbali, na jamaa zake hawakuambiwa ni lini atarudi. Bulaimu alijua kwamba kati ya yeye na fundi, mmoja atakwenda.

"Nani anafungua buati?"

"Dominique, bwana."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna." Hapo angeweza kunyamaza. Lakini Bwana Mapema aliendelea kungoja. "Anapenda kuwa peke yake, bwana. Watu wakikuja anawafukuza."

Bwana Mapema aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikitafuta.

Dominique aliamriwa kwanza atengeneze buati huku polisi mmoja amekaa kwenye sanduku akimlinda. Alipokaza bolti ya mwisho alipelekwa kifungoni, kungojea amri ya kumhamisha. Alimpa Bulaimu kitambaa chake cha kufutia mikono, kama walivyozoea, akaenda.

"Wamemupeleka wapi Dominique?" Safi alimuuliza mume wake walipokuwa wakila.

"Iko kwa polisi."

"Alifanya nini?"

"Aliharibu buati."

"Ulimuona?"

Bulaimu alimega ugali.

"Baba Zainabu, nakuuliza. Ulimuona?"

"Mwanamuke, kula."

"Bon," Safi alisema. "Haukumuona."

Amri aliyopewa Bulaimu ilikuwa fupi. Jipi isiguswe fimbo fupi mpaka Bwana Mapema mwenyewe aijaribu. Bulaimu aliogopa jambo jingine: kwamba ndugu za Dominique watakuja kuitia jipi mchanga ili ionekane fundi hakuwa mwenye kosa, na yeye ndiye atakayebaki na lawama. Kwa hiyo jioni, kabla jua halijazama, alichukua chokaa ya udongo mweupe akachora mstari mnene kwenye kila gurudumu, chini kabisa, pale linapogusa ardhi. Mtu akiisogeza jipi hata kidogo, mistari itamwambia.

Asubuhi mistari ilikuwa palepale. Alifurahi, kisha akaona aibu kidogo kwa furaha hiyo. Bwana Mapema alimtuma peke yake mtoni, kwenye kivuko cha Lualaba, akachukue mafungu ya kamba. Alikwenda kwa miguu miwili ya nyuma tu, kama alivyoamriwa, kwa mara ya kwanza tangu alipofunga mipira mirefu. Usukani ulikuwa mwepesi ajabu. Alifika, akasimamisha jipi, akashuka, akainama kuyatazama magurudumu.

Mistari ya mbele ilikuwa inatazama juu. Mistari ya nyuma ilikuwa inatazama upande wa mto.

Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba kuna mtu ameichezea. Aligeuka kuangalia barabara. Hapakuwa na mtu. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa kwenye usukani tangu gerejini. Jambo la pili alilifikiria haraka na kuliacha, kwa sababu mchawi hana kazi na chokaa. Alifuta mistari, akaichora upya, yote chini. Akasogea mbele mwendo wa kutoka mti hadi mti. Akashuka. Gurudumu la nyuma lilikuwa limemaliza mzunguko na kuanza mwingine. La mbele lilikuwa bado halijafika.

Alikata utete, akausimamisha kando ya mpira wa nyuma, akaukunja pale mpira ulipoishia. Aliupeleka mbele. Mpira wa mbele ulipita alama kwa vidole vitatu vilivyolala.

Hapo alikaa chini. Alimkumbuka baba yake akitaka wachukuzi wa tipoyi wapangwe kabla ya safari: mrefu na mrefu, mfupi na mfupi, na kapita akikosea, baba yake alikataa kuinua. Alisema mtu mwenye hatua ndefu akifungwa nguzo moja na mtu mwenye hatua fupi, mmoja atavutwa na mwingine atasukumwa, na kabla ya jioni ama bega limepasuka, ama nguzo. Matopeni mguu unateleza, mtu anapumzika. Kwenye njia kavu hakuna pa kuteleza.

Alitaka isiwe hivyo. Aliingia ndani, na bila kujali amri akaisukuma fimbo fupi, akaendesha kwenye changarawe ngumu ya kivuko. Usukani ukawa mzito palepale. Alipotaka kurudisha fimbo, ilikataa. Aliipiga kwa kisigino, kama siku zote. Ilikataa. Akarudi nyuma kidogo kinyumenyume, nayo ikaruka yenyewe, kama kitu kilichokuwa kimekabwa koo na sasa kimeachiwa. Dominique hakuwa ameifanyia lolote. Mle ndani ya buati ndogo hatua ndefu na hatua fupi zilikuwa zimefungwa nguzo moja, toka Kasongo hadi Salamabila, na aliyezifunga alikuwa yeye.

Safi alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mchi wa kinu.

"Na fimbo hiyo ulikuwa unaishika njia yote kwa nini? Si walikukataza?"

Bulaimu alitazama chini. "Kwa sababu ya baba yako."

"Baba yangu?"

"Siku ile ya matope."

Safi alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyeona jambo la ajabu sokoni. "Baba alisukuma mutuka ya mapadri, akasukuma ya wanunuzi wa pamba, akasukuma ya kubeba wagonjwa. Unafikiri kifua yake ilikuwa inakungoja weye tu? Alinyamaza kwa sababu uliketi na kofia kichwani. Ungevua kofia tu, baba Zainabu. Kofia tu."

Bulaimu aliokota punje zilizomwagika kando ya kinu.

"Ukisema, watakuchukua weye," Safi aliendelea, na sasa sauti ilikuwa nyingine.

"Nisiposema watamuchukua yeye."

"Najua. Nilikuwa nasema tu, usikie imesemwa na mutu."

Alikwenda asubuhi. Bwana Mapema, kama kawaida, alikuwa amekwishafika. Bulaimu alivua kofia, akaeleza mistari, utete na fimbo fupi. Habari ya mkwe aliieleza pia, vibaya, kwa sababu haikuwa na maneno ya kumwambia mzungu. Bwana Mapema hakumkatiza. Alitoka nje akaitazama jipi, akainama, akalinganisha mpira na mpira kwa kiganja chake. Haikumchukua muda. Alikuwa mtu wa vifaa, na alipoinuka shingo yake ilikuwa imeiva.

"Nani anakufundisha maneno haya? Dominique?"

"Hapana, bwana."

"Ulimuona kifungoni?"

"Hapana."

"Mke wake alikuja kwako?"

"Hapana, bwana. Niliona mwenyewe."

"Weye ulisema anapenda kuwa peke yake. Sasa unasema ni mipira. Kesho utasema nini? Uliweka hii mipira kwa makusudi."

Bulaimu alifungua kinywa kumkumbusha asubuhi ile ya teke na kicheko. Aliona macho ya Bwana Mapema, akaona kwamba naye anaikumbuka, na kwamba ndiyo hasa anayoiogopa isije ikatajwa mbele ya wakubwa wake. Akakifunga kinywa. Bwana Mapema alikuwa sasa anamshuku kwa kitu kingine kabisa: kwamba anajua.

Mambo yalikwisha kimyakimya, kama yanavyokwisha mambo ambayo mkubwa amehusika nayo. Siku ileile mipira mirefu ilitolewa, ikafungwa minne ya aina moja. Amri ya kumhamisha Dominique haikutoka. Aliachiwa, akarudishiwa spana zake, bila neno. Bulaimu aliachishwa kazi kwa kosa la kutumia fimbo fupi bila ruhusa, akanyang'anywa kofia, na akaamriwa kurudi kwao Kabambare. Kibali cha kukaa Kasongo hakupewa tena. Walimpa muda wa kufunga mizigo.

Dominique alimkuta anafunga godoro. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimemwota.

"Keti, ndugu," Bulaimu alisema.

"Nimesimama vizuri." Aliangalia vyungu vya Safi vilivyopangwa mlangoni. "Ni weye ulisema napenda kuwa peke yangu. Mundele, huyu mzungu wako, alinisomea, neno kwa neno."

"Ni mimi. Na ni mimi nilikutoa."

"Ulinitoa? Ama uliona moto unakuja kwako, ukataka kuonekana mutu muzuri kabla haujafika?"

Bulaimu alishika kamba ya godoro. Alitaka kuapa. Alijichunguza, akatafuta ndani yake siku ile ya mtoni, akitaka kuona wazi ni nini kilichomwinua pale chini, na hakuona wazi.

"Sijui," alisema.

Dominique alikohoa, au alicheka. "Basi angalau leo hujadanganya." Akamsaidia kunyanyua godoro mpaka kwenye baiskeli, kwa sababu lilikuwa zito, akaondoka bila kumpa mkono.

Walipita Lusangi kwa miguu, Safi mbele na mtoto, yeye nyuma akisukuma baiskeli. Walipita alfajiri, kabla watu hawajafungua milango. Safi alitaka wasimame. Bulaimu alisema atakuja kusalimia akishapata mbuzi.

Alilima mpunga Kabambare mpaka uzeeni na hakuendesha gari tena. Amezikwa huko, kwenye makaburi ya ukoo wa baba yake, na mpunga wa shamba lake sasa unavunwa na binti yake Zainabu.